Dishi la Digrii Sitini na Moja

Droo ilikuwa imekwisha kukatwa.

Gaudensi alilijua hilo mara tu alipoinama kuingia ndani ya karavani. Chini ya rafu ya televisheni palikuwa na tundu la mraba, kingo zake bado nyeupe kwa msumeno, na ndani ya tundu hilo fundi alikuwa ameketisha sabufa nyeusi kubwa kama ndoo ya maji. Kwa siku tatu Gaudensi alikuwa ameisoma droo hiyo katika faili: upana wake, kufuli lake, idadi ya funguo zake. Sasa ilikuwa unga wa mbao sakafuni.

Aliuliza ni nani aliyeamuru ikatwe. Fundi, aliyekuwa amejilaza nyuma ya kabati akivuta nyaya, alijibu bila kutoa kichwa kwamba ni Turki, mtoto wa mwenye gari, na kwamba aliamuru Jumapili asubuhi, hata injini haijazimwa.

“Dhahabu ya mama yake imepotea Jumamosi,” alisema Gaudensi. “Jumapili asubuhi anakuletea droo ilimopotelea uikate?”

Kichwa kikatoka. Kilikuwa na taa ndogo iliyofungwa kwenye paji, na chini ya taa uso mwembamba wa mtu wa Makunduchi ambaye hakuwa amelala vya kutosha.

“Yakhe, mie n’nafunga tivii. Habari ya dhahabu n’naisikia sasa hivi, kwako wewe.”

Aliitwa Ibra. Gereji ilikuwa Sanaiya, upande wa Riyadh ambako magari hukatwa na kuungwa upya, na karavani ile, gari refu jeupe lenye nyumba nzima mgongoni mwake, ilikuwa imeziba nusu ya ua. Ndani yake mlikuwa na vitanda, jiko na sofa. Mwezi huo wa Desemba 2014 familia zenye uwezo zilikuwa zikitoka kwenda kupiga kambi jangwani, na kila mwenye karavani alitaka runinga kubwa na muziki wa kuwasikilizisha majirani wa hema la pili. Ibra alikuwa na kazi hadi shingoni.

Gaudensi Rutta, Mhaya wa Bukoba, alikuwa katika mwaka wake wa tatu kama mpelelezi wa madai wa kampuni ya bima. Bosi wake alitaka kujua jambo moja tu: je, dhahabu hii tuilipe au tusiilipe? Gaudensi alikuwa na swali jingine, nalo liliketi katika chumba cha wanawake kwenye kituo cha polisi, likiwa limevaa gauni la kazi lililokamatwa nalo.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Familia ya Abu Turki ilikuwa ikijiandaa kwa arusi ya binti yao, na nyumba ilijaa wapaka rangi. Mama wa nyumba, Um Turki, hakuwaamini. Jumatano baada ya isha alichukua sanduku lake la bangili sita, akalifungia katika droo ya karavani iliyoegeshwa uani. Mumewe alikuwamo humo akitazama habari, na alimwona. Alhamisi wapaka rangi walipewa mapumziko, na kabla ya alfajiri wazee wawili wakaruka kwenda Madina kwa ziara. Jumamosi baada ya alasiri walirudi. Kufuli lilikuwa zima, sanduku halikuwamo. Funguo zilikuwa tatu: wa mama, aliosafiri nao, wa Turki, na wa usafi, uliotundikwa jikoni. Aliyefanya usafi alikuwa Mwikali, mwanamke wa Kitui, aliyemaliza miaka yake miwili na alikuwa akisubiri karatasi ya kutoka nchini aende kwao. Polisi walimchukua jioni ileile. Jumapili inayokuja, faili lake lingekwenda kwa mwendesha mashtaka.

Siku ya Jumatatu Gaudensi alikuwa ameruhusiwa kumwona kwa robo saa, askari wa kike akiwa mlangoni. Mwikali alisema jambo moja na akalirudia kama mtu anayetaja jina lake. Gari halikuwapo. Liliondoka Alhamisi alfajiri, Turki na dereva Lewis wakiwa ndani, likarudi Jumamosi kabla ya wazee. Angeibaje kwenye gari ambalo halikuwapo?

Turki aliwaandikia polisi kwamba gari halikutoka uani. Dereva Lewis alitia sahihi chini yake. Wanaume wawili dhidi ya mfanyakazi mmoja wa ndani. Gaudensi alikuwa amejaribu njia za kawaida. Kilomita za gari zilikuwepo, lakini hakuna aliyeziandika kabla. Kamera za barabarani hazikuwa na faini yoyote ya gari hilo. Majirani hawakuona kitu. Kuta za Riyadh ni ndefu, jirani haoni uani kwa jirani.

Kwa hiyo alikuja kwa fundi.

Jambo la kwanza aliloliona baada ya droo lilikuwa kipande cha mahameli nyekundu katika pipa la taka. Sanduku la bangili, kwa maelezo ya Um Turki, lilikuwa la mahameli nyekundu. Alikiinua kwa ncha ya kalamu na kumwuliza Ibra kimetoka wapi. Ibra alikitazama, akaitazama kalamu, akaelewa. Alikwenda kwenye rafu akarudi na gombo zima la kitambaa hichohicho, akalitua mezani kwa kishindo.

“Kinawekwa nyuma ya spika,” alisema. “Mbao ikitetemeka bila kitu nyuma yake, muziki wote unakuwa mbu. Hebu pima mwenyewe.”

Gaudensi alipima. Ufumaji ulikuwa mmoja, na gundi ya mgongoni ilikuwa moja. Alikirudisha kipande pipani na kumwomba radhi. Ibra alizipokea kwa kuinua bega, lakini tangu hapo alijibu kwa maneno machache zaidi. Alieleza kwamba oda ilikuja kwa simu, Ijumaa baada ya magharibi. Turki alitaka vitu vyote kwa mpigo: televisheni ya inchi arobaini inayopanda na kushuka kwa mota, amplifaya, spika nne, sabufa, na dishi jipya la kujitafutia setilaiti lenyewe. Alitaka gari liwe tayari kabla ya arusi.

“Ulikuta nini ulipoifungua televisheni ya zamani?”

Badala ya kujibu, Ibra alimpa simu yake.

“Mie kila kitu napiga picha kabla sijagusa, na napiga nikimaliza. Hapa ukigusa gari la mtu bila picha umejitia kitanzi. Kesho atakwambia mkwaruzo huu wako.”

Gaudensi aliijua desturi hiyo. Alikwisha kuwaona wafanyakazi wa ndani wakipiga picha vyombo vya udongo kabla ya kuvifuta vumbi. Katika nchi ambako neno la mgeni ni jepesi, kila mmoja alibeba ushahidi wake mfukoni.

Picha za Jumapili zilikuwa arobaini na mbili. Alizipitia moja moja. Droo tupu, kufuli bila mkwaruzo. Televisheni ya zamani ya inchi ishirini na mbili. Spika mbili ndogo. Sofa, pazia, ngazi ya nyuma, paa. Hakuna kilichomwambia lolote. Ndipo alipokuta, juu zaidi katika simu ileile, picha za Jumatatu ya wiki iliyotangulia. Siku hiyo, Ibra alisema, aliitwa nyumbani kwao kwa sababu picha ya televisheni ilikuwa ikiganda. Alipanda juu akalitengeneza dishi la zamani, likakamata.

Gaudensi alizipanga picha mbili mbili, mahali palepale kwa siku mbili tofauti. Sofa kwa sofa. Pazia kwa pazia. Dishi kwa dishi. Hapo alisimama.

“Hii nyekundu kwenye nati ni nini?”

“Rangi ya kucha.” Kwa mara ya kwanza Ibra alitabasamu. “Mke wangu akijua n’nanunua rangi za kucha huku, nna kesi kubwa kuliko yako.”

Alifafanua kwamba akishakaza nati ya dishi huchora mstari mmoja unaopita juu ya nati na juu ya mkono wa chuma. Mtu akiigeuza nati, mstari unakatika, na mteja hawezi kudai kwamba fundi hakukaza. Katika picha ya Jumatatu mstari ulikuwa mzima. Katika picha ya Jumapili ulikuwa umekatika, nusu ikitazama huku na nusu kule. Ibra alikuwa ameliona hilo wakati wa kufungua, akadhani ni mikono ya dereva. Dishi la zamani lilikuwa linatupwa, kwa hiyo hakujali.

“Na namba hizi za ubavuni?”

“Digrii. Namna dishi linavyoinua uso kutazama setilaiti. Hapa Riyadh ni hamsini na tatu. Ukizidisha mbili tu, tivii inakwambia hakuna mawimbi.”

Gaudensi aliikuza picha ya Jumatatu. Mshale ulikuwa kwenye hamsini na tatu. Aliikuza ya Jumapili, kisha akampa Ibra simu.

Ibra aliitazama kwa muda mrefu. Alizima taa ya kichwani, kana kwamba ilimzuia kufikiri.

“Sitini na moja,” alisema. “Sitini na moja ni Jeddah. Mie nimefanya kazi Jeddah miaka miwili, mtaa wa Al-Baghdadiyah. Kila dishi nililofunga kule ni sitini na moja.”

Gaudensi hakukubali upesi. Aliuliza kama upepo ungeweza kufanya hivyo. Ibra alisema upepo huliangusha dishi, hauliinui. Aliuliza kama barabara mbovu ingeweza kuilegeza nati. Ibra alisema nati iliyolegea huwa imelegea. Hii aliikuta imekazwa hata spana ndefu ikashindwa, akalishusha dishi pamoja na mkono wake wa chuma. Mtu aliifungua, akainua uso wa dishi kwa digrii nane, akaikaza tena. Dishi lenyewe lilikuwa bado chini ya benchi, kwa kuwa Ibra hatupi kifaa kabla mteja hajapokea kazi. Mshale wa ubavuni bado ulionyesha sitini na moja. Walilifunga kwa plastiki, Gaudensi akaandika tarehe na saa, Ibra akatia sahihi.

Kisha Gaudensi aliketi kwenye ngazi ya karavani na kuandika mistari minne katika daftari lake. Jumatatu dishi lilikuwa hamsini na tatu. Jumatano baada ya isha Abu Turki, kwa maelezo yake mwenyewe, alitazama habari ndani ya gari, uani, Riyadh. Kwa hiyo dishi lilikuwa bado hamsini na tatu, na sanduku likawekwa mbele ya macho yake. Jumapili asubuhi dishi lilikuwa sitini na moja. Kati ya siku hizo, mtu alitazama televisheni ya gari hili huko Jeddah.

Mwikali alikuwa amesema kweli.

“Nani mwingine anajua namba hizi?” aliuliza.

Ibra alikuna ndevu zake. Jumatatu ile, alisema, dereva Lewis alikuwa amemshikia spana. Mtu mcheshi, anapenda kujifunza. Akauliza Riyadh ni ngapi. Kisha akauliza Jeddah je.

*

Lewis alikuwa amehamishiwa Jeddah siku ya Jumanne, kuendesha watoto wa ndugu wa familia. Gaudensi alifika huko Alhamisi kwa ndege ya asubuhi, na saa nne alimpata Al-Baghdadiyah, mbele ya duka dogo ambako madereva hukaa wakisubiri watoto watoke shule. Alikuwa mtu mnene wa Kitale, na kicheko chake kilisikika kabla hajaonekana. Kicheko kilikoma aliposikia neno bima. Alisema hawezi kuongea hapo. Wakaenda mtaa wa Sharafiya kwa gari la Lewis, kwenye mkahawa wa chini ya ofisi ya kutuma pesa, ambapo Wakenya hupata chapati na chai ya maziwa.

Lewis alimaliza chapati mbili kabla ya kujibu lolote. Kisha alisema alichokwisha kusema. Gari haikutoka. Yeye alikuwa chumbani kwake siku zote tatu, anaumwa na mgongo.

Gaudensi aliweka picha mbili mezani.

“Sasa hiyo si ni dishi tu?” alisema Lewis.

Gaudensi alimweleza namba. Hakupandisha sauti wala hakuharakisha, na alipofika kwenye rangi ya kucha Lewis aliacha kutafuna. Alipofika kwenye spana ya Jumatatu, Lewis alisogeza sahani mbali.

“Huyo Mzanzibari anaongea sana.”

“Alikusifu. Alisema unapenda kujifunza.”

Lewis hakucheka. Kwenye meza ya jirani wanawake wawili walikuwa wakibishana kuhusu salio la simu.

Hapa ndipo Gaudensi alipofika mahali alipokuwa amepafikiria ndani ya ndege, juu ya jangwa lote lile. Picha zilitosha kumtoa Mwikali. Angeweza kunyanyuka sasa hivi, akapeleka taarifa, kazi ikawa imekwisha. Lakini kila ushahidi unaomtoa mtu huacha nafasi, na nafasi hiyo lazima ijazwe na mtu mwingine.

“Kaka, nisikilize vizuri,” alisema. “Nikipeleka picha hizi, watamwuliza Turki gari lilifikaje Jeddah. Unafikiri atasema nini?”

Lewis alitazama meza.

“Atasema dereva alilichukua bila ruhusa. Nati uliigeuza wewe. Usukani ulishika wewe. Na umekwisha kuandikia polisi uongo. Mwikali atatoka, na wewe utaingia palepale alipotoka. Sitaki kupeleka karatasi hii kabla hujalijua hilo.”

“Kwa nini unaniambia?”

“Kwa sababu wewe hukuiba.”

“Umejuaje?”

“Mwizi angelirudisha dishi hamsini na tatu.”

Lewis aliufikicha uso kwa viganja viwili. Alisema ana watoto watatu, na ikama yake, kibali cha kuishi nchini, iko mkononi mwa mzee Abu Turki. Alisema karatasi ya polisi ilikuwa ya Kiarabu, Turki akamwonyesha mahali pa kusaini, yalla, haraka, akasaini. Alisema hakujua kwamba ni Mwikali atakayeshikwa. Baada ya kusema hayo yote akauliza swali ambalo Gaudensi hakulitarajia.

“Mwikali anakula?”

“Jumatatu alikuwa hajala siku mbili.”

“Alikuwa ananiwekea ugali,” alisema Lewis. “Kila Ijumaa. Anaficha sufuria nyuma ya mashine ya kufulia ndio madam asiulize hiyo harufu ni ya nini.” Alivuta pumzi. “Andika.”

Gaudensi aliandika.

Waliondoka Alhamisi alfajiri, wakafika Jeddah alasiri. Turki alikuwa na marafiki waliokutana ufukweni na karavani zao, na Lewis alipanda juu kulitega dishi kwa namba aliyofundishwa. Picha ikaja safi. Lakini kando yao palikuwa na gari lenye kioo cha tivii kikubwa kama mlango na spika zilizotikisa vikombe, na ule mpira walioutaka wote wakaenda kuutazama huko. Mmoja wao akamwuliza Turki kama hiyo yake ni tivii au simu. Wakacheka sana. Turki alicheka pia, kisha akaingia ndani kutafuta betri za rimoti, akafungua droo kwa ufunguo wake. Alikaa humo muda. Siku ya pili, Ijumaa, alasiri, alimwambia Lewis ampeleke kwenye soko la dhahabu. Aliingia dukani na sanduku jekundu, akatoka mikono mitupu. Baada ya magharibi, wakiwa bado garini, alipiga simu Riyadh na kuanza kutaja inchi na spika.

“Na dishi? Mbona hukulirudisha?”

“Nilitaka. Tulifika Jumamosi tumechelewa, wazee karibu kutua. Akaniambia wacha, mafi mushkila, hakuna shida, kesho tunatoa kila kitu tunaweka mpya.”

Gaudensi alisoma maelezo yote kwa sauti, kwa Kiswahili, na Lewis akarekebisha mahali pawili. Kisha Gaudensi alieleza kilichobaki. Duka la dhahabu huandika kitambulisho cha anayeuza. Jina lililoandikwa humo halitakuwa la Lewis wala la Mwikali. Lakini katika soko lenye maduka mengi hivyo, ni mtu mmoja tu awezaye kuonyesha ni duka gani, na mtu huyo lazima akubali kusimama mbele ya kafili wake, mwajiri anayemdhamini nchini, na kumwambia: mwizi ni mwanao. Wangeweza kungoja kampuni iandike barua. Barua ingechukua wiki. Au wangeweza kumpigia Abu Turki.

“Huyo mzee ni mtu wa aina gani?”

Lewis alifikiri. “Mzee ni mtu mzuri. Shida ni hiyo. Anampenda sana Turki.” Alitazama saa ya ukutani, akatazama simu ya Gaudensi. “Mpigie sasa. Kabla sijaogopa tena.”

Gaudensi alipiga. Kwa Kiarabu cha ofisini alianza na dishi, si na mtu. Alitaja Jumatatu, alitaja Jumapili, kisha akamkumbusha mzee habari alizozitazama mwenyewe Jumatano. Abu Turki aliuliza kama ana hakika na namba. Aliuliza tena, kwa sauti ya chini zaidi. Halafu akauliza kama dereva yuko hapo, na kama yuko, apewe simu.

Lewis aliipokea kwa mikono miwili.

“Naam, baba,” alisema. “Ndiyo, baba. Jeddah. Mimi ndiye niliyeendesha.”

Akasimulia kwa Kiarabu chake kilichovunjikavunjika, jina la Turki likimtoka kila mara kwa shida. Kisha akasikiliza. Alisikiliza kwa muda mrefu, jasho likimchuruzika mbele ya masikio, ingawa feni ilikuwa juu yake. Aliporudisha simu ilikuwa imekwisha kukatwa.

“Amesema nini?” aliuliza Gaudensi.

“Anaenda kituoni sasa hivi.” Lewis alizungumza polepole, kama anayehakikisha kwamba amesikia sawasawa. “Amesema kwanza amtoe Mwikali. Hayo mengine yote atayasikia baadaye, akishamfikisha nyumbani.”

“Na wewe?”

“Mimi amesema nikuonyeshe hiyo duka.” Alisimama, akapapasa mfuko kutafuta funguo za gari. “Twende, bro. Wanafunga kwa swala ya adhuhuri.”